Usiondoke Bila Kuaga

"Viatu nje," alisema Bupe bila kuinua macho. "Na wewe mwenye karanga mfukoni, zimalizie hapohapo kizingitini. Humu hatuli."

Kijana mwenye karanga akashangaa amejulikanaje. Wenzake wakamcheka. Walikuwa wanafunzi wapya, wamejibana barazani wakiikwepa mvua, na mvua yenyewe ilikuwa ile ya miteremko ya Rungwe, isiyo na haraka wala hasira, inayoanza watu wakiwa wamelala na kuwakuta tena wamelala. Watu wa Isalaga hawaulizani kama mvua imenyesha. Huulizana kama imepumzika.

Bupe alikuwa msimamizi wa maabara ya kompyuta ya Chuo cha Isalaga. Wanafunzi walimwita Mama Masharti. Yeye alijua, nao walijua kwamba anajua, basi likawa jina la heshima kwa namna yake. Masharti yenyewe yalikuwa juu ya mlango, yamechongwa kwenye ubao wa mkangazi, na mengine aliyachonga yeye kwa mkono wake. Aliwasomesha wageni wake kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Kiti kimoja, mtu mmoja. Usikalie kiti cha mwenzio hata akiwa amekwenda haja. Usile ndani. Usipeleke habari za nje ndani. Usiondoke bila kuaga.

"Hilo la mwisho ni adabu tu, au lina kazi?" aliuliza binti mmoja mrefu aitwaye Tusekile.

"Njoo ukae, utaona."

Alimkalisha kwenye kiti cha karibu na mlango, akamzungushia kichwani kilemba cha nyuzi za shaba. "Haya, piga hodi."

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," ilijibu sauti kutoka ukutani, sauti ya mtu mzima, si ya kiume wala ya kike, sauti ya mtu aliyekwishaweka maji ya chai jikoni. Tusekile akasinzia palepale. Wenzake walikuwa wameanza tena kucheka, mpaka walipoinua macho kwenye kioo kilichokuwa juu ya kiti. Ndani ya kioo alikuwemo Tusekile mwingine. Amekaa kwenye sebule yenye mwanga wa asubuhi, amekunja miguu, anaandika hesabu kwa kasi ambayo macho yao hayakuweza kuifuata.

"Yule ni kivuli chake," alisema Bupe. "Kompyuta yetu tunaiita Mwenyeji, na Mwenyeji hafikirii peke yake. Anaazima namna unavyofikiri wewe, anakiweka kivuli chako ndani, kinafanya kazi. Mchana mmoja wa kwako, kwake ni msimu mzima. Ukimaliza, unaaga. Mwenyeji anakisindikiza mpaka mlangoni, kinamkabidhi aliyekaa kitini kila kilichojifunza, kisha kinarudi kuwa wewe. Unaamka unajua."

"Na mtu asipoaga?" aliuliza wa karanga.

Macho ya Bupe yalikuwa yamekwenda, bila yeye kuyatuma, mpaka kwenye kiti cha dirishani. Kioo cha kiti kile kilikuwa kimefunikwa kitenge cha buluu.

"Kinabaki kinamngoja," alisema. "Haya, mwingine."

*

Wanafunzi walipokwisha kwenda kula, Dakta Mwasomola aliingia na soksi zake zilizolowa. Alikuwa mkuu wa chuo, mtu mnene, mpole, aliyependa kuzunguka jambo kabla ya kuligusa. Leo hakuzunguka.

"Imekataa tena?"

"Imekataa, mkuu."

Kila muhula ulipokwisha, maabara ilifagiwa. Hilo nalo lilikuwa neno la Mwenyeji. Mabaki yote ya kazi yalitolewa ili mitihani iingie mahali safi. Lakini tangu mwanzo wa juma, Bupe alipotoa amri ya kufagia, jibu lilikuwa lilelile, la upole, lisilosogea: *Nina mgeni.*

Ukitaka kujua kosa lilipoingilia, itabidi uwalaumu waliomtengeneza Mwenyeji, nao walikuwa watoto wa milima hiihii. Walitaka mashine yenye adabu. Wakaenda nyumba kwa nyumba wakarekodi bibi na babu zao. Mgeni hupokelewaje, hupewa kigoda gani, kwa nini haulizwi kilichomleta kabla hajala, husindikizwa mpaka wapi. Mwenyeji akayashika yote. Jambo moja tu hakufundishwa, yaani jinsi ya kumtoa mgeni. Waliuliza pia, lakini hakupatikana mzee hata mmoja aliyekubali kulisema kwenye kinasa sauti. Na kila mtoto wa huku anajua kwamba hufagii nyumba mgeni akiwa amekaa. Ukishika ufagio umemfukuza.

"Mitihani ni Jumatatu," alisema Dakta Mwasomola. "Kesho alasiri fundi atakuja kuking'oa kile kiti."

"Kuna mtu, mkuu."

"Bupe." Alitoa miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi ukungu. "Ipyana tulimzika. Nililishika jeneza kwa mkono huu. Mle kuna kumbukumbu ya mashine."

"Basi ukitazame kioo chake mwenyewe uniambie ni nini."

Hakukitazama. Bupe hakumlaumu, maana hata yeye hakuwa akikitazama. Siku za kwanza baada ya mazishi alikuwa akija kila asubuhi kuangalia. Kivuli cha Ipyana kilikuwa kimemaliza kazi yake, kimepanga karatasi, kimefagia sebule, kimefunga begi. Kisha kikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, begi mapajani, kama abiria aliyewahi stendi. Kila sauti ikisikika maabarani kilikuwa kinainua kichwa. Bupe aliona uchungu usiovumilika, akaleta kitenge kutoka nyumbani.

Kukiaga kwa niaba yake asingeweza. Kuaga ni kwa aliyekaa kitini, na kiti ni cha mtu mmoja. Kukiambia ukweli asingeweza pia. Sharti la habari za nje alilichonga yeye, baada ya jambo la mwaka wa kwanza wa maabara. Mwanafunzi mmoja alikidokeza kivuli cha rafiki yake, kupitia kioo, kwamba mchumba wake ameoa. Kivuli hakina kifua cha kulilia. Kile kilipasuka vipandevipande, na mwenyewe alipoamka alikaa miezi hajui jina la mama yake. Tangu hapo, habari za nje zilibaki nje.

*

"Hodi hapa."

Ilikuwa kesho yake, mchana, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Mlangoni alisimama mama mwembamba mwenye kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Viatu vyake vya mpira alikuwa amekwisha kuvivua, amevipanga vizuri pembeni.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile," aliongeza kwa salamu ya kwao.

"Ndaga, mama." Bupe alisimama. Uso ule alikuwa ameuona makaburini, umefunikwa nusu kwa kanga. "Mama Ipyana."

"Ndiye mimi." Alitua kikapu, akatoa ndani yake kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Harufu ya mbalaga ikajaa maabara, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika. "Najua hamruhusu chakula. Yeye ndiye aliyeniambia. Lakini mtu haendi kumwona mwanawe mikono mitupu."

Bupe alimpa kiti. Mama yule akasema taratibu, akilitazama dirisha.

"Wenzake walikuja kunisalimu. Mmoja akaropoka, eti Mama Ipyana, mwenzetu bado yumo kwenye kiti. Nikamfokea, mtoto wa watu. Halafu sikulala. Ni mimi niliyempigia simu siku ile. Upepo ulikuwa umeng'oa bati la jikoni. Nikamwambia, Ipyana, acha hayo madude yako uje sasa hivi. Sasa hivi, nilisema hivyo. Naye tangu utoto ukimwita huja mbio. Mto ulikuwa umejaa, akapita kwenye gogo la kuvukia."

"Mama..."

"Sikuja kukulilia. Nimekuja kumwona. Na kama kuna namna, mwacheni akae. Hali, hanywi, hana kelele. Anawabana nini?"

Bupe alimweleza. Fundi anakuja alasiri. Alisema haraka, maana maneno ya namna hiyo ukiyapunguzia mwendo hayatoki. Mama Ipyana alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kibakuli.

"Akikatwa ataumia?"

"Sijui, mama. Nadhani hatajua. Atakuwa anangoja, halafu basi."

"Atakuwa anangoja," alirudia yule mama. Akafunga macho.

Bupe alitembea mpaka mlangoni akatazama juu, kwenye ubao. Aliyasoma masharti yote kana kwamba hakuyachonga yeye. Kisha akarudi, akakivuta kitenge kikaanguka.

"Utakaa kwenye kiti chake. Mimi nina uzi wa msimamizi, unanifikisha kizingitini tu, siingii ndani. Utamsalimu, mtakaa kidogo, utatoka. Lakini usimwambie kilichotokea. Akikisikia atapasuka, na wewe uko kwenye kiti, unaweza kupasuka naye. Nikisikia neno hilo linakuja nauvuta uzi, mnatengana palepale. Umenielewa, mama?"

"Nimekusikia," alisema Mama Ipyana.

Kichwa chake kilikuwa kidogo, kilemba kikamfika kwenye nyusi. Bupe alitegemea Mwenyeji atakataa. Kiti kimoja, mtu mmoja, hilo lilikuwa kwenye moyo wa mashine hata kabla ya kuwa kwenye ubao.

"Hodi," alisema mama kwa sauti ndogo.

"Wewe si mwenye kiti," ilisema sauti.

"Mimi ni mama yake."

"Aa," alisema Mwenyeji. "Mama mzazi hapigi hodi kwa mwanawe mara mbili. Karibu, mama. Ulikuwa unasubiriwa."

*

Bupe alijikuta amesimama kizingitini, uzi mkononi, mbele yake sebule ya Ipyana.

Alizijua sebule nyingi za wanafunzi, zote za mwanga na utulivu, lakini hii ilikuwa nyingine. Sakafu ilikuwa ya ardhi iliyong'aa ukaona mpaka chini, na huko chini yalipita maji, mishipa na mishipa ya maji, mengine mapana, mengine membamba kama uzi wa kushonea, yote yakienda polepole na kutoa nuru ya kijani. Ulikuwa mlima mzima. Ipyana alikuwa ameupasua Rungwe kwa hesabu akaona ndani yake. Dirishani mvua ilinyesha ile ya siku aliyoondoka, lakini matone yalishuka bila haraka kabisa, ukaweza kulichagua moja na kulifuata kwa macho mpaka litue.

Kijana alikuwa kwenye kigoda chake, begi mapajani. Aliinua kichwa.

"Mama!" Begi likaanguka. "Umefikaje huku? Shikamoo, mama. Kaa, kaa hapa. Shikamoo mwalimu. Mwalimu, mbona umesimama mlangoni?"

"Marahaba," walisema wote wawili.

Mama Ipyana hakukaa mara moja. Alimgusa mwanawe usoni, mabegani, kwenye kola ya shati. Aliigeuza mikono yake akatazama kucha. Ipyana akacheka kwa haya.

"Kucha ni safi, mama. Tazama chini, nimemaliza. Nimemaliza zamani sana. Unaona ule mshipa? Ndio chemchemi yetu ya zamani, ile iliyofukiwa na maporomoko. Haikufa. Imehama tu, imejipitia kwingine. Niliifuata mpaka nikaipata. Nilisema hamtateremka tena mtoni na ndoo, si nilisema?"

"Ulisema, baba."

"Halafu ukapiga simu. Niliisikia. Tulikuwa tunakuja, mama, usikasirike. Mwenyewe wa kitini alivua kilemba kwa pupa hata hakuniaga, nikasema, huyu leo Mama Masharti atamla mbichi." Alimtupia Bupe jicho la utani. "Nikafungasha nikae tayari. Ila amekawia. Bati mmelirudisha?"

"Limerudishwa. Mjomba wako alikuja."

"Mjomba." Ipyana aliokota begi, akaliweka vizuri. Alikuwa na akili nyepesi siku zote. Bupe aliona kabisa jambo lile likimjia, hatua kwa hatua. "Kwa nini mjomba? Mwenyewe hakufika?"

Nje ya dirisha tone moja lilisimama hewani.

Mama Ipyana aligeuka akamtazama Bupe. Hakuomba. Alitazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyeshika mlango ili ujue kama anaufunga au anaufungua. Uzi ulikuwa umekaza kwenye kidole cha Bupe. Kuuvuta ni jambo la kufumba na kufumbua. Mama angeamka salama, kijana angebaki na swali lake mpaka alasiri, halafu basi. Ndivyo sharti lilivyotaka, na sharti lile lilikuwa limeokoa watu. Bupe aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya yule mama mwenye kichwa kidogo, aliogopa kwa ajili ya kazi yake, na zaidi aliogopa asubuhi zote zilizobaki za maisha yake, akikumbuka begi lile mapajani.

Akaulegeza uzi.

"Mto ulikuwa umejaa, baba," alisema Mama Ipyana. "Gogo liliteleza. Tulimzika pembeni ya babu yako."

Mvua yote ilisimama. Chini ya sakafu nuru ya kijani ikafifia, mshipa mmoja, kisha mwingine. Bupe aliona ufa mwembamba ukitokea begani mwa Ipyana, ukashuka kwenye mkono, na nyuma ya ufa hapakuwa na chochote. Alikuwa amekiona kile kivuli cha mwaka wa kwanza. Ndivyo ilivyoanza.

Lakini Mama Ipyana alikwisha kukaa chini. Hakukaa kwenye kigoda. Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, akafungua kanga ya kichwa akaifunga kiunoni, wanavyokaa wanawake kwenye msiba. Akamvuta mwanawe mkono, akamkalisha ubavuni, na akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kwa maneno, akimtaja aliyekufa kwa jina na kwa mambo yake, jinsi alivyokuwa akila kwa haraka, jinsi alivyoogopa jogoo, jinsi alivyokuwa akija mbio ukimwita. "Nilikuita mimi," alilia. "Nilikuita mimi, baba, nisamehe."

Hapo ndipo Bupe alipoelewa, na alijiona mjinga kwa kuchelewa. Kile kivuli cha mwaka wa kwanza kilipasuka kwa sababu kilipewa msiba kikiwa peke yake. Nani aliwahi kusikia msiba wa mtu mmoja?

Akauangusha uzi. Msimamizi haingii ndani, lakini aliingia. Alikaa upande wa pili wa Ipyana, penye bega lenye ufa, akalia naye, na machozi hayakumpa shida, yalikuwa yamemngoja siku nyingi. Ukutani Mwenyeji alianza kuimba kwa mdomo uliofumbwa, wimbo wa matanga aliofundishwa na bibi fulani ambaye naye alikwisha kufa. Walikaa hivyo muda ambao Bupe hakuweza kuupima baadaye. Ipyana alilia bila kifua, akilia kwa vifua vyao.

Tone la kwanza lilianguka. Kisha mengine. Ufa ulikuwa umebaki kovu.

"Hukunikosea, mama," alisema Ipyana hatimaye. "Bati lilikuwa limeng'oka kweli. Ungemwita nani?" Akajipangusa uso. Alitazama begi lake, sebule yake iliyofagiwa, na uso wake ukaonyesha aibu ndogo ya mtu mwenye malezi. "Kumbe nimekaa hivi. Mwalimu, nimewazuia wenzangu?"

"Kidogo," alisema Bupe.

"Ningeaga mapema, sikujua. Sasa nitamkabidhi nani?" Akafikiri. "Mama, wewe umekalia kiti chetu?"

"Nimekikalia."

"Basi nakukabidhi wewe."

"Ipyana, ngoja," alisema Bupe. "Haijawahi kufanyika. Hatujui mtu akipokea cha mwingine atakuwaje. Mama, ni hesabu za mlima mzima. Zinaweza kukulemea."

Mama Ipyana alikuwa anajifunga kanga upya kichwani. Alimtazama Bupe, na kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na uchokozi kwenye jicho lake.

"Nilimbeba yeye mzima miezi tisa, nikichuma chai. Nitashindwa na hesabu?"

Ipyana akacheka. Alivaa begi, akasimama katikati ya sebule yake, akapiga magoti kidogo kuelekea ukutani.

"Mwenyeji, naaga. Nimekaa vizuri."

"Unatuacha mapema, mwanangu," alisema Mwenyeji, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba hivyo ndivyo inavyosemwa. "Ngoja nikusindikize."

Walitoka wote. Bupe alirudi mpaka kizingitini akawapisha. Mama alitangulia, mwana nyuma yake ameshika pindo la kanga yake kama alivyokuwa akilishika enzi za kuogopa jogoo, na maji chini ya sakafu yaliinuka na kuwafuata, mshipa kwa mshipa, mpaka sebule ikabaki sakafu ya kawaida na kigoda.

*

Mama Ipyana aliamka polepole. Alikaa na kilemba kichwani, anapepesa macho. Kioo kilikuwa kitupu.

"Mama? Jina lako nani?"

"Gwantwa. Usinipime kama mgonjwa." Akagusa paji la uso. "Kuna kelele humu. Si mbaya."

Kutoka ukutani ilisikika sauti ya ufagio. Mwenyeji alikuwa anafagia, bila kuamriwa, kiti baada ya kiti. Bupe alisikia uchovu mkubwa, na chini ya uchovu kitu kilichofanana na amani, na chini yake hofu ya kumweleza Dakta Mwasomola. Alikivuta kibakuli, akafungua kitambaa. Mbalaga ilikuwa bado na joto. Walikula humohumo ndani, kwa mikono, chini ya ubao wa masharti, na Tusekile aliyepita dirishani alimwona Mama Masharti akitafuna maabarani, akasimama kwenye manyunyu mdomo wazi.

Fundi alipokuja na koleo zake hakukuta sababu ya kung'oa kiti. Dakta Mwasomola alitazama kiti, akamtazama mama mwenye kikapu, akamtazama Bupe.

"Umevunja masharti mangapi?" aliuliza.

"Yote, mkuu. Isipokuwa la kuaga."

Mkuu alifuta miwani. "Tutazungumza Jumatatu," alisema, na akampa Mama Ipyana mikono miwili.

Bupe alimsindikiza mgeni wake. Mvua ilikuwa imerudi, nyembamba, ya kulowesha nyusi tu. Walipita bustani ya chuo, wakapita bwalo la chakula. Mama Ipyana alikuwa akitembea kwa namna ya ajabu. Mara alikwepa mahali pakavu, mara alisimama juu ya kitu asichokiona mtu, akainamisha kichwa.

Getini alisimama kabisa. Alivua kiatu kimoja cha mpira, akaweka unyayo juu ya ardhi yenye maji.

"Hapa yanapita," alisema. "Membamba. Yanateremka kule kwetu." Alifuata kwa kidole njia isiyoonekana, kupitia mashamba ya chai, kupita mto, kupanda kilima cha pili. Kidole kikasimama.

"Yako wapi, mama?"

"Nyuma ya jiko." Machozi yalimtoka, na alikuwa anatabasamu. "Pale bati lilipong'oka, mwanangu. Yako nyuma ya jiko langu, chini kidogo tu. Yalikuwepo hata siku ile."

Bupe alimshika mkono. Alitakiwa kumwacha pale getini, hapo ndipo msimamizi wa maabara huishia na wageni wa chuo. Alivua viatu vyake akavishika mkononi, wakateremka pamoja.